Siku Sirene Haikulia

Kadi yenyewe ya kompyuta ilikuwa ndogo kuliko kipande cha sabuni, na ilikuja na hati ya kurasa arobaini na saba inayosema kwamba haiwezi kukosea. Katika miaka kumi na tisa ya kazi yake ya polisi ya mahakama hapa Kalemie, Inspekta Evodie Kisimba alikuwa amekutana na wanaume wengi wasioweza kukosea. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuleta hati.

"Soma tena," alimwambia Hénoc. "Polepole. Mimi si mwanafunzi wako, silipi minerval ya shule, kwa hiyo huna sababu ya kunitisha."

Hénoc alikuwa mwalimu wa hesabu kwenye shule ya ufundi, na mchana alipokosa vipindi alitengeneza redio. Kiingereza alijifunza ndani ya vitabu vya redio hizo hizo. Alikuwa amekaa mbele ya meza ya Inspekta, ndani ya biro yake, tangu saa kumi na mbili asubuhi, kofia magotini, hati imefunguliwa.

"'Imethibitishwa kwa namba zote.' Hawasemi walijaribu, Mama Inspekta. Wanasema walithibitisha. Si kitu kimoja."

"Tofauti iko wapi?"

"Kadi hii inashika namba elfu sitini na tano na zaidi. Ukitaka kujaribu kila namba na kila mwenzake, ni mara bilioni nne. Njo maana hawakujaribu. Walichukua mchoro wa kadi, mbele hata haijatengenezwa, wakaugeuza kuwa hesabu, wakaonyesha kwamba jibu baya haliwezi kutoka. Mimi nikikuambia ukizidisha namba yoyote kwa mbili unapata inayogawanyika kwa mbili, nahitaji kuzijaribu zote?"

"Hapana. Utachelewa chakula."

"Njo vile."

Evodie alitazama saa ya ukutani. Mtuhumiwa wake, Isidore, alikuwa kwenye kasho, selo iliyo nyuma ya biro, tangu juzi saa kumi jioni. Sheria ilimpa Evodie saa arobaini na nane. Leo saa kumi ilimpasa amwachilie au ampeleke parke mbele ya mwendesha mashtaka, Substitut Jérôme, na Substitut alikwisha kusema neno lake: kuua kwa kukusudia.

Kesi ilikuwa fupi kiasi cha kuandikwa nyuma ya bahasha. Juzi, saa mbili asubuhi, kwenye kituo kidogo cha umeme cha Lwanzi, juu ya njia ya Bendera, Papa Néhémie, mfanyakazi mzee wa kituo, alishuka kwenye mfereji kusafisha wavu wa chuma unaozuia majani. Aliyebaki chumbani kuongoza mlango wa maji alikuwa Isidore, mume wa binti yake Anne. Isidore alipunguza maji mpaka yakawa ya magoti. Mzee aligonga chuma mara mbili kwa mpini wa reki: maliza kufunga. Mlango, badala ya kufunga, ulifunguka wote. Walimkuta Papa Néhémie chini kabisa, mtoni, reki bado mkononi.

Jioni ya kuamkia siku ile mkwe na mzee walikuwa wamegombana mbele ya watu. Isidore alitaka kumhamishia Anne Kabalo, mzee hakutaka. Daftari la kazi liliandikwa 0, yaani funga kabisa. Kioo cha mashini inayoendesha mlango kilionyesha 0,00. Kadi inayoipigia mashini hesabu, kwa hati yake, haikosei. Basi, alisema Substitut, mlango ulifunguliwa kwa gurudumu la mkono, na mkono uliokuwapo ni mmoja.

Evodie alikuwa na picha ya gurudumu hilo. Aliipiga saa nne asubuhi, saa mbili tu baada ya kifo. Kati ya vyuma vyake kulikuwa na utando wa buibui wenye vumbi na mayai. Substitut aliitazama akasema buibui ni mfanyakazi hodari. Evodie alijibu kwamba hata buibui hodari hatagi mayai na kuyatia vumbi kwa saa mbili. Wakaachana hapo.

"Hati yote hiyo haina shimo?" aliuliza.

"Shimo hapana. Ina mlango." Hénoc alifunua ukurasa wa thelathini na moja. "Kila uthibitisho unaanza na 'kama'. Hapa ziko nne. Kama umeme hautapungua. Kama joto halitapita kiasi. Kama saa ya ndani haitachelewa. Na ya nne: kama hakuna atakayetia namba iliyo chini ya 0,000061, isipokuwa zero yenyewe."

"Mlango unaenda kwa namba gani?"

"Moja ni wazi wote. Zero ni kufunga. Nusu ni nusu. Kioo kinapokea tarakimu tano nyuma ya virgile, yaani koma, lakini kinaonyesha mbili tu."

"Na nani atatia namba ndogo vile? Kufungua mlango kwa unene wa unywele?"

"Hakuna muntu," alisema Hénoc. "Ni upuzi wa walimu."

Evodie akachukua kofia yake ya pikipiki. Lwanzi ni mwendo wa saa moja na nusu, kama daraja lipo.

*

Daraja lilikuwapo. Jordan, mkuu wa matengenezo wa kituo, alimngoja mlangoni akiwa na kadi ya akiba mfukoni, imefungwa ndani ya soksi safi. Kadi zilikuja mbili, alieleza, wiki tatu zilizopita, baada ya radi kuunguza ile ya zamani. Juzi ilikuwa mara ya kwanza kusafisha wavu tangu kadi mpya ifungwe.

"Ya zamani iliwahi kufanya vile?"

"Miaka tisa, hata mara moja."

Juu ya kioo cha mashini kampuni ilikuwa imebandika karatasi: 0 — KUSIMAMA KABISA — SIRENE. Chini yake kulikuwa na sanduku la sirene, king'ora cha kituo, lenye muhuri wa risasi kusudi pasiwe na mtu wa kuichomoa.

"Ukitia zero, inalia yenyewe?"

"Ni lazima ilie, Mama. Kuwaonya walio mtoni."

"Juzi ililia?"

Jordan alikuna shingo. "Juzi mimi nilikuwa Kalemie. Daftari linasema zero. Basi ililia."

Evodie aliweka kalamu mfukoni na kushuka mteremko. Hatua mia mbili chini ya kituo ilianza kambi ya watu waliokimbia vita, turubai kwa turubai. Mbele ya ile ya kwanza mama mmoja mnene alikuwa anapepeta unga, kichwani amefunga kitambaa cha kanisa. Alijitaja: Mama Abigaël, kiongozi wa akina mama wa kambi, mutu wa Nyunzu.

"Juzi asubuhi, Mama, mulisikia sirene?"

Abigaël alicheka kwa pua. "Mwanangu, kama ingelia ungetukuta hapa? Ungekuta sufuria tu. Sisi tukisikia kitu kinalia vile, tunakimbia. Miguu haiulizi kichwa."

"Kwa hiyo juzi hamukukimbia."

"Hatukukimbia. Tuko mwaka muzima hatujakimbia." Aliuweka ungo chini. "Mwaka uliopita njo ilikuwa inalia. Kila wanapofunga maji, inalia, na sisi porini na watoto mugongoni. Siku moja mutoto wa Léonie alipotea mtoni, katika kukimbia kule. Miaka mine tu. Papa Néhémie alikuja kwenye matanga. Alikaa chini, hakuomba kiti. Akasema: Bamama, haitalia tena. Na kweli, haikulia tena. Sasa naye maji yamemuchukua. Mungu anajua kuhesabu kuliko sisi."

"Alisema atafanya nini ili isilie?"

"Muntu akikuletea maji, unamuuliza alichota wapi?"

Evodie aliandika jina lake, umri wake na namba ya simu, akampa na yake. Kisha alisimama pale njiani akitazama daftari lake mwenyewe, na pikipiki ikamsubiri. Kioo kilionyesha 0,00. Sirene haikulia. Basi ndani ya mashini hamkuwa na sifuri. Mlikuwa na namba ndogo sana, ndogo kiasi kwamba kioo hakikuwa na nafasi ya kuionyesha.

Upuzi wa walimu ulikuwa umepata mwanafunzi.

*

Saa saba na nusu Isidore alitolewa kwenye kasho. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na moja, mrefu, na kwa siku mbili alikuwa amejifunza kukaa kama mtu mfupi.

"Ulitia namba gani, Isidore?"

"Zero."

"Zero inalia."

Isidore alipangusa vumbi magotini.

"Kambi nzima haikusikia kitu. Watu wale wakisikia mbuzi anapiga chafya wamekwisha kukimbia mpaka Katanika. Ulitia namba gani?"

Isidore alitazama kona ya dari, ambako hapakuwa na msaada. "Mama Inspekta, nyinyi muko na wakwe?"

"Niko na mama mukwe. Anakaa Kabalo, na kila Jumapili naomba treni isitengenezwe."

Karibu acheke. Kisha uso wake ukajifunga. "Basi munajua. Baba ya muke wangu hajamaliza hata siku tatu chini. Matanga haijainuliwa. Niseme nini juu yake kwa kinywa hiki? Kwetu mukwe hapitishi hata kivuli chake juu ya sahani ya baba mukwe. Nitapitisha kosa juu ya kaburi yake?"

"Sijasema kosa. Nimeuliza namba."

"Kesho Anne atasikia: bwana yako alisema baba yako alijiua kwa ujinga wake. Atanipikia tena?"

"Ukiwa gerezani hatakupikia vilevile."

"Gerezani atanileteya," alisema Isidore. "Njo tofauti."

Evodie alimsogezea karatasi na kalamu. "Kinywa sikukuomba. Mkono je, nao ni mkwe?"

Isidore alichukua kalamu. Kisha akaandika, akihesabu sifuri kwa kidole cha mkono wa kushoto: 0,00001. Akaisukuma karatasi kama mtu anayerudisha sahani.

"Nani alikufundisha?"

Kalamu ililala mezani, na haikuinuka tena.

*

Hénoc aliweka kadi ya akiba juu ya meza ya redio zake. Alifunga betri ya pikipiki upande mmoja, taa ndogo upande mwingine. Taa ikiwaka kabisa, alieleza, ni kama mlango umefunguka wote. Ikizimika, umefunga. Jordan, aliyeifuata kadi yake mjini kama mzazi, alisimama mlangoni.

"Nusu," alisema Hénoc. Taa ikawaka nusu.

"Sehemu ya mia." Taa ikabaki uzi mwekundu.

"0,001." Giza. "0,0001." Giza.

"Shuka moja moja," alisema Evodie, PV, taarifa yake ya polisi, mkononi, akiandika kila mstari na dakika yake.

"0,00009. Giza. 0,00008. Giza. 0,00007."

Giza.

"0,00006."

Taa iliwaka mpaka Jordan akafunika macho. Hénoc alitia 0,00005, kisha 4, kisha 3, na taa haikupungua. Alitia 0,00001 na ikaendelea kuwaka. Alitia sifuri, ikazimika.

"Rudia yote," alisema Evodie.

Walirudia mara tatu. Kila mara giza liliisha kati ya saba na sita, pale pale ukurasa wa thelathini na moja ulipoweka ukuta wake.

"Hati haikudanganya," alisema Hénoc. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Namba ikiwa ndogo sana, kadi inabadilisha namna ya kuiandika. Ikikosea hapo, inakuwa kama kilometa za pikipiki: ukizirudisha nyuma ya zero, zinaonyesha tisini na tisa elfu. Wachoraji wa kadi walisema, programu itaigeuza kuwa zero mbele haijatufikia. Wale wa programu, naona hapa, walisema kadi itaigeuza yenyewe."

"Familia mbili, kila moja inangoja nyingine ilete kuni za matanga."

"Na maiti katikati. Ndiyo."

Jordan alikuwa tayari ameshika simu. "Mama Inspekta, leo jioni tunasafisha wavu. Majani yamejaa, hospitali iko na umeme nusu. Nimetuma watu wawili kushuka."

"Atakayekuwa kwenye kioo atatia nini?"

Jordan alishusha simu.

"Zero," alisema Evodie. "Zero yenye kulia. Na hakuna anayeshuka mpaka imelia. Nakuandikia amri hapa hapa."

"Na kambi?"

"Tuma mtu kwanza. Aende turubai kwa turubai, awaambie ni mashini, wasikimbie."

"Nitatuma," alisema Jordan, na alipiga simu hapo hapo mbele yake.

*

Substitut Jérôme alisoma PV yote, mistari yote ya majaribio yote matatu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na feni isiyozunguka na rundo la mafaili lililomfikia kidevuni, na alisoma kila ukurasa kabla ya kuukataa. Isidore alisimama ukutani kati ya polisi wawili. Ilikuwa saa kumi kasoro robo.

"Kazi nzuri," alisema. "Nakubali buibui. Nakubali sirene. Mwalimu huyu ni mtaalamu aliyeapishwa?"

"Ni mwalimu wa hesabu."

"Ameapishwa?"

"Hapana."

"Basi taa yake ni taa. Nitaomba mtaalamu Kinshasa. Yule wa boti iliyozama nilimwomba miaka mitatu iliyopita. Nadhani anakuja kwa miguu." Hakucheka. Alivuta karatasi nyingine. "Kampuni iliyouza kadi nimeiandikia, wamejibu asubuhi. Wanasema uthibitisho wao unasimama. Zile 'kama' zote nne zimeandikwa wazi. Anayetia namba iliyokatazwa anafanya hivyo kwa hatari yake. Wamekosea wapi?"

"Hawajakosea."

"Kituo kilibandika karatasi: kusimama ni zero. Wamekosea?"

"Hapana."

"Unaona? Kila mutu ana haki, na Papa Néhémie amekufa. Anabaki yule aliyetia namba." Aliweka kalamu chini. "Inspekta, nikiamini kwamba ni mzee mwenyewe aliyeweka desturi hii, ili kambi isikimbie, kesi inakuwa ajali ya kazi. Namwachilia leo, analala kwake. Lakini ni nani anayesema hivyo?"

"Mama Abigaël wa kambi."

"Alitaja namba?"

"Alisema haitalia tena."

"Hiyo ni ahadi, si namba. Daftari, kwa mkono wa marehemu mwenyewe, mwaka mzima linasema zero." Akamgeukia Isidore, akaongea taratibu, kama baba. "Kijana. Swali moja tu, na unakwenda nyumbani. Nani alikufundisha kutia namba hii?"

Evodie alimtazama Isidore. Isidore alitazama viatu vyake, ambavyo vilikuwa vimetolewa kamba.

"Ni mimi mwenyewe," alisema.

"Peke yako?"

"Peke yangu, Papa Substitut."

"Anadanganya," alisema Evodie.

"Najua. Niandikie sheria inayoniruhusu kuandika ninachojua." Substitut alitia sahihi, akapuliza wino. Kosa lilibadilika, si kuua kwa kukusudia tena, ila kuua kwa uzembe. Gari la gereza halikuwa na milango miwili kwa makosa mawili.

*

Uani, gari lilikuwa limewashwa. Polisi mmoja alikuwa anatafuta ufunguo wa pingu, mwingine alikuwa amempa Isidore sigara asiyoivuta. Simu ya Evodie ililia saa kumi na dakika kumi na mbili.

"Inspekta!" Ilikuwa sauti ya Mama Abigaël, na nyuma yake kitu kilikuwa kinalia, kirefu, kinapanda na kushuka. "Inalia! Watu wanakimbia, mi nimebaki na wazee tu. Tukimbie ao tukae?"

"Mukae, Mama. Ni mashini. Ni zero tu, wanafunga maji. Hawakutuma mtu kuwaambia?"

"Alifika. Alisema musikimbie."

"Basi!"

"Mwanangu," alisema Abigaël, na alikuwa tayari anatembea, pumzi ilisikika. "Hata siku ile kule Nyunzu kuna muntu alikuja akasema musikimbie."

Simu ilijaa upepo na sauti za watoto wakiitwa majina. Evodie aliita mara mbili. Alibonyeza kitufe cha kipaza sauti, kana kwamba kusikia zaidi kungesaidia kitu, na sirene ikamwagika uani, mpaka dereva akazima injini.

Isidore aligeuza kichwa. Alisikiliza kidogo, kama mtu anayesikia redio ya nyumbani kwao.

"Njo zero hiyo," alisema. "Papa hakuipenda kabisa. Aliniambia, mwanangu, tia moja ndogo mwishoni, ndogo kabisa, Mungu haioni na mashini haioni, na bale batoto balale."

Evodie alifungua daftari. "Sema tena. Mbele ya polisi hawa wawili. Sema tena niandike."

Isidore alimtazama kwa upole, akainua mikono miwili na pingu yake, akapanda garini. Juu, kwenye dirisha la parke, mlinzi alikuwa anavuta mbao za kufungia, siku ya kazi imekwisha, na ndani ya simu sirene iliendelea kulia, ikifanya kazi yake sawasawa.